Konokono wa Mwenye Kioo

Nchi ya Kiangazo ilikuwa bondeni, kati ya vilima viwili ambavyo wenyewe waliviita Cha Huku na Cha Kule, na mgeni aliyesimama juu ya kimojawapo asubuhi, jua likishatoka, aliweza kuiona nchi nzima bila kugeuza shingo: mashamba ya mchicha na maboga yaliyokatwa na mifereji, nyumba zilizopakwa chokaa, madirisha yasiyo na mapazia, masufuria yaliyosuguliwa kwa majivu na kuanikwa juu ya vichanja hadi yakaumiza macho, na katikati ya yote mji wa Lulumira, wenye uwanja mpana usio na mti hata mmoja, maana miti huweka kivuli na kivuli hakikupendwa huko. Watu wa Kiangazo walipenda mwanga. Mtu akikusifu alikuambia kwamba unaonekana vizuri, na aliyetaka kukutukana alisema tu kwamba hakukuona ulipopita.

Mbele ya uwanja huo palikuwa na Jumba, na ukuta wa mbele wa Jumba ulikuwa tangi la kioo. Lilikuwa refu kupita paa za nyumba za kawaida, limetuna kuelekea uwanjani kama tumbo la mtungi, limejaa maji ya chemchemi yasiyo na chumvi, na ndani yake mlikuwa na majani ya majini yaliyoyumba polepole, samaki wekundu wachache, na konokono. Nyuma ya tangi, karibu kabisa na kioo cha ndani, kilikuwapo kiti cha mtawala. Watawala wa Kiangazo waliitwa Wenye Kioo, na tangu nchi ilipoanza kuitwa nchi hakuna mtu wa uwanjani aliyewahi kumwona Mwenye Kioo ila kupitia maji yale.

Kioo kilichotuna na maji yaliyomo ndani vilikuwa na tabia moja ambayo mtoto yeyote aliyewahi kutazama kidole chake nyuma ya bilauri ya maji angeweza kuieleza, lakini hakuna aliyeieleza. Mtu aliyeketi nyuma ya tangi lile alionekana mkubwa. Kichwa chake kilijaa kama tanuri la mkate, mikono yake ilikuwa kama magogo, na aliposogeza kidole watu wa mstari wa mbele waliegemea nyuma. Basi watu walijua kwamba watawala wao ni majitu, wakaona fahari kutawaliwa na majitu, hasa walipowafikiria majirani zao ambao watawala wao, kwa habari walizozisikia, walikuwa na urefu wa kawaida na waliugua mafua.

Kila wiki ilikuwapo Siku ya Kuonana. Watu waliketi uwanjani juu ya mabenchi, Mwenye Kioo akaketi nyuma ya maji yake, na sauti yake ikatoka kwa bomba la mwanzi lililopita juu ya tangi. Alisema alilotaka kusema, na akimaliza watu waliitikia kwa pamoja, "Tumekuona." Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao ya kwanza na iliyozaa nyingine zote: neno lililoitikiwa "Tumekuona" lilikuwa amri, hata kama limetoka kwa kupitiwa, na neno ambalo halikuitikiwa lilikuwa upepo tu uliotoka kwenye mwanzi.

Lakini maji yakikaa kwenye mwanga huota ukoga, na Kiangazo mwanga ulikuwa mwingi. Utando wa kijani ulianza pembeni, ukapanda, ukatanda kwenye kioo kama ukungu, na mtu aliye nyuma yake akageuka kivuli. Zamani, hivyo ndivyo ilivyosimuliwa, aliajiriwa mtu wa kuusugua. Alipotumbukiza mkono tangini siku moja wakati watu wamekaa, mkono wake ukaonekana mkubwa kuliko kichwa cha Mwenye Kioo, na mtu mmoja uwanjani akacheka. Yule msuguaji hakuonekana tena. Ikajaribiwa brashi yenye mpini mrefu, lakini ilikwaruza, na kwenye mikwaruzo Mwenye Kioo akaonekana ana pua mbili. Baada ya hapo ikakatazwa kitu chochote kugusa kioo kwa ndani ila konokono, ambaye hana mkono, hakwaruzi, hana haraka, na anakula ukoga kwa kupenda mwenyewe.

Kutokana na hilo ikakua desturi. Mtoto akizaliwa, baba au mjomba alikwenda mferejini akatafuta konokono mdogo asiyezidi punje ya mahindi, akamleta nyumbani kwenye chupa pana ya maji, na chupa ikawekwa dirishani. Nyumba nzima ilimlea. Walimpa jani la mchicha lililochemshwa likalegea, ganda la yai lililosagwa ili gamba lake liwe gumu, na jiwe lenye ukoga la kumzoeza kazi. Chupa ilikuwa na kifuniko cha ukindu chenye matundu, maana konokono akipata upenyo hutoka na kwenda kukauka sakafuni. Bangili ya shaba haikuruhusiwa kukaribia maji yake, na kila mama alimwonya kila mtoto juu ya hilo, kwa sababu shaba humuua konokono hata kwa kuonjwa tu. Mtoto alipoanza kutembea, konokono alitiwa alama kwenye gamba, akapelekwa Jumbani, na mtoto mwenyewe akamwachia kwenye kijimlango cha juu ya tangi. Tangu siku hiyo nyumba ilihesabiwa. Nyumba isiyo na konokono hai tangini iliruhusiwa kuja uwanjani, lakini watu wake walisimama nyuma ya kamba, na hawakuwa na ruhusa ya kusema "Tumekuona."

Aliyesuka vifuniko vya chupa mtaa wa Mferejini aliitwa Nambiru. Mumewe, Madenge, alikuwa mzibuaji wa mifereji, mtu wa maneno machache aliyerudi nyumbani na matope hadi magotini na kuyaosha nje kabla hajaingia, ili mkewe asipate kazi ya kufagia mara mbili. Walikuwa na mtoto mmoja, Selewa. Siku ya kumtia konokono wake alama, Selewa alichovya kidole kwenye rangi nyekundu kabla hajaambiwa na kukibonyeza juu ya gamba, na wazazi wake walipoona lile doa, dogo, lenye mistari ya ncha ya kidole, waliamua kwamba hiyo ndiyo iwe alama ya nyumba. Selewa akampeleka Jumbani, akamwachia, akayapungia maji mkono. Mvua zilizofuata Selewa alishikwa na homa na hakupona.

Baada ya hapo Nambiru hakukosa Siku ya Kuonana. Watu wengine walitazama jitu. Yeye alitafuta kwenye kioo doa jekundu. Akiliona likipanda kwa mwendo wake, likiacha nyuma yake mstari uliosafishwa, alitulia, akamsikiliza Mwenye Kioo kama wenzake na kuitikia kama wenzake. Waliozoea kukaa naye walilijua jambo hilo, na mara nyingine jirani yake, Mama Lushi, aliyekuwa na macho makali, alimgusa goti na kumwonyesha kwa kidevu, bila kusema kitu: yule pale, chini ya jani.

Mwenye Kioo wa wakati huo aliitwa Sembarika, na waziri wake Kitojo. Sembarika hakuwa mkatili kwa namna ya kupiga watu. Shida yake ilikuwa kwamba aliwahi kusikia kutoka kwa mjumbe mmoja kuwa mtu akisimama juu ya Cha Kule huona uwanja wa Lulumira na watu wake, lakini humwona Mwenye Kioo kama kitone tu. Neno hilo, kitone, lilimkosesha raha. Alikula akilifikiria. Kitojo alimshauri kwamba kioo kikiwa safi zaidi ataonekana mbali zaidi, na konokono wakiwa wengi zaidi kioo kitakuwa safi zaidi, na kwa kuwa konokono hulelewa majumbani kwa mchicha wa watu, jambo lote halitaligharimu Jumba chochote.

Basi ikatangazwa kwamba kila nyumba itoe konokono kwa kila kichwa, na watu wakasema "Tumekuona." Baadaye ikatangazwa kwamba mbuzi naye ana kichwa. Watu walitazamana kidogo, kisha wakasema "Tumekuona." Mifereji ikachakurwa, chupa zikapangwa madirishani kama mitungi kwa mfinyanzi, na konokono wakapelekwa Jumbani kwa vikapu, wengine wachanga mno, gamba lao bado laini kama ukucha wa mtoto. Na ni kweli kwamba kioo kilitakata. Kilitakata hadi ndege wakajigonga. Sembarika alitokea nyuma yake na kila unywele wa kope, mkubwa na mweusi na wazi, na kutoka juu ya Cha Kule, mjumbe alisema, alionekana hadi meno.

Kilichofuata kila mtu wa Kiangazo angeweza kukitabiri, Kitojo akiwemo, kwa sababu naye alilelewa na mama aliyeweka chupa dirishani. Ukoga ulikwisha. Konokono walipita juu ya kioo kitupu, wakapita juu ya njia za wenzao, wakayala majani ya majini hadi mashina, kisha wakaanza kukwanguana magamba. Wengine walijifungia ndani, wakafunga kimlango chao, wakaanguka chini na kulala chali. Uwanjani watu walianza kukaa kwa namna mpya, wameinamisha vichwa wakitazama sakafu ya tangi, kila mmoja akitafuta alama ya nyumba yake na akitumaini kutoiona.

Nambiru, ambaye konokono wengine wa nyumba yake walikwisha kufa, aliliona doa jekundu siku moja asubuhi, chini, karibu na pembe. Gamba lilikuwa na vitundu vyeupe kama limeliwa na wadudu. Halikusogea kwa muda wote Sembarika alipokuwa akizungumza. Kisha likasogea, kidogo sana, na Nambiru akasimama.

Mtu wa kawaida aliruhusiwa kuomba, ingawa wachache waliomba. Nambiru alisema konokono wana njaa, na kwamba yeye na majirani zake wako tayari kuleta mchicha wao wenyewe, uliochemshwa vizuri, na maganda ya mayai, watie tangini kupitia kijimlango.

Kisha Sembarika akauliza, "Jani la mchicha huzama au huelea?"

"Huelea kwanza, Mwenye Kioo. Baadaye huzama."

"Likielea, litapita mbele ya uso wangu."

"Litapita tu."

"Na watu wa Cha Kule wataniona nina jani usoni."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, na aliyekuwa jirani yake akakohoa pia, na kwa muda kidogo uwanja mzima ulikuwa na kifua. Kitojo aliinama akanong'ona jambo. Sauti ilipotoka tena ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Hao konokono si wangu," Sembarika alisema. "Mimi sikuwaleta. Mmewaleta nyinyi, wana alama zenu, ni wenu. Atakayekufa, mwenyewe alete mwingine. Jumba halitaweka jani wala kuokota gamba."

Watu walisema "Tumekuona." Nambiru naye alisema, kwa mazoea, ingawa sauti yake haikusikika.

Wiki ile alisuka vibaya. Madenge alirudi akamkuta amefumua kifuniko kilekile mara kadhaa, akakaa karibu yake na kuanza kumchambulia ukindu, ijapokuwa vidole vyake vilikuwa vinene na alivunja zaidi ya alivyochambua. Nambiru alimwambia kwamba ameyarudia maneno ya Mwenye Kioo kichwani na kwamba hayana tundu la kukwepea. Madenge alifikiri, akasema kiti cha uwanjani ni kitu kikubwa kwa nyumba kukipoteza. Kisha akasema mfereji wa juu una mawe yenye ukoga mzuri, laini, na kwamba kesho atapita huko.

Siku ya Kuonana ilipofika Nambiru alisimama kabla hata salamu hazijaisha.

"Mwenye Kioo," alisema, "naomba konokono wangu."

Kitojo ndiye aliyejibu kwa bomba. "Mama, hajapata mtu kuomba hivyo."

"Hata mimi sijapata kuomba hivyo."

"Konokono akishaingia tangini harudi."

"Wiki iliyopita Mwenye Kioo alisema ni wetu, nasi tukasema tumekuona. Nimekuja kuchukua kilicho changu. Vingine vyote vya Jumba naviacha."

Sembarika alicheka. Kupitia maji kicheko chake kilikuwa kikubwa, kilionyesha koo. Hakuona sababu ya kukataa. Konokono walikuwa wengi kuliko kokoto, na mmoja tena mgonjwa hakuwa hasara. Alisema apewe, na kwamba kwa kuwa nyumba yake sasa haina konokono, akasimame nyuma ya kamba. "Tumekuona," watu walisema.

Mlinzi wa tangi alikuwa mzee aliyeitwa Tumbwe, mwenye mgongo uliopinda kwa kupanda ngazi ile ya pembeni miaka na miaka. Alishusha kijiwavu chake hadi sakafu ya tangi na kumpandisha yule konokono polepole, akimkinga asigonge kioo, na alipofika chini hakumtia Nambiru mkononi hivihivi. Alimgeuza kwanza akae sawa, miguu chini, kama angekuwa na miguu. Halafu alichukua kopo lake mwenyewe la kunywea, akamwaga maji yaliyokuwamo, akalijaza maji ya tangi.

"Uanze kwa haya, mama," alimwambia. "Uchanganye na ya mferejini kidogo kidogo. Akibadilishiwa ghafla anashtuka."

"Na kopo lako?"

"Utalirudisha ukipata nafasi. Nina mdomo, nitainama mferejini."

Nyumbani konokono hakufungua. Waliweka chupa dirishani, wakamwekea jiwe la Madenge upande mmoja na jani upande wa pili, wakangoja. Mama Lushi alikuja na ganda la yai alilolitwanga hadi likawa unga, akaketi kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shoga, umeacha benchi kwa ajili ya huyu?"

"Benchi lenyewe lilikuwa na msumari."

"Ungesema mapema, tungebadilishana. Mimi nina nyama za kutosha."

Walicheka kidogo, kisha wakatazama chupa. Mama Lushi aliuliza kwa sauti ya chini itakuwaje akifa hukohuko ndani ya gamba. Nambiru alisema akifa, atakuwa amefia nyumbani. Alisema hivyo kwa utulivu, lakini Mama Lushi alimshika mkono na hakuuachia mpaka chai ilipoiva.

Konokono alifungua asubuhi moja Nambiru akiwa anafagia. Alipogeuka aliona pembe mbili, nyembamba kama uzi, zimetoka na zinapapasa maji, na konokono amepanda jiwe. Nyuma yake palikuwa na mstari usio na ukoga, mfupi kama ukope. Nambiru aliweka ufagio chini. Alikwenda kumwita Madenge mferejini, naye akaja hivyohivyo na matope yake hadi ndani, na mara hiyo hakuna aliyesema kitu kuhusu sakafu.

Habari ilipita mtaani bila kutangazwa, kwa sababu madirisha hayakuwa na mapazia. Siku ya Kuonana iliyofuata Mama Lushi aliomba konokono wake wote, wa watoto na wa mbuzi. Akafuata mfua chuma, akafuata mwanamke mmoja mjane ambaye alilia alipopewa wake kwa sababu mmoja kati yao alikuwa gamba tupu. Sembarika alicheka kwa wa kwanza, akatoa ruhusa kwa wa pili, na kwa wengine akaacha Kitojo atoe. Walipokuwa wengi alitaka kukataa, lakini neno lake lilikuwa limeonwa na halikuwa na tundu. Watu walipanga mstari mbele ya ngazi ya Tumbwe wakiwa na chupa mikononi, na mstari ulikuwa wa amani, wenye kupeana nafasi. Waliobeba watoto walitangulizwa. Kisha kila mmoja alikwenda kusimama nyuma ya kamba. Kamba ikabidi isogezwe mbele, ikasogezwa tena, hadi mabenchi yakabaki na wakubwa tu, wenye maduka ya uwanjani na jamaa wa Jumba, ambao walisema "Tumekuona" kwa sauti kubwa ili kujaza nafasi. Hao ndio waliopitisha amri mpya, kwamba kuanzia siku ile konokono hatolewi.

Tatizo lilikuwa kwamba konokono wa wakubwa walikuwa wachache na walionekana wachache. Mtu aliyetazama kutoka uwanjani aliona kioo kikubwa na vidoa viwili vitatu, na Sembarika alisema anaonekana kama mtu aliyeachwa. Hapo Kitojo akatoa wazo ambalo kwa mtu mwenye kazi ya kumfurahisha bwana wake halikuwa baya. Akaagiza wafuliwe konokono wa shaba, waliong'arishwa, wenye pembe na kila kitu, wakabandikwa kwenye kioo kwa ndani. Walipendeza. Jua likiwapiga waliwaka kama taa, na wakubwa walisema Jumba halijapata kuwa na konokono watiifu kama wale, wasioomba jani. Mama yake Kitojo alikuwa amemwonya juu ya shaba alipokuwa mdogo, kama mama wa kila mtu Kiangazo, na kila aliyeketi kwenye mabenchi alikuwa ameonywa na mama yake. Lakini walishazoea kuyaacha nje ya Jumba mambo waliyoambiwa na mama zao.

Konokono hai walikufa wote, mmoja baada ya mwingine, wakubwa wakitazama. Sheria ilikuwa sheria: nyumba isiyo na konokono hai ilikwenda nyuma ya kamba. Walijaribu kuleta wengine, lakini mifereji ilikuwa imechakurwa mpaka matope, na waliokuwa nao majumbani, walipoombwa, walijibu kwa adabu kwamba wao wanaweka wa kwao. Wenye maduka walihama mabenchi. Jamaa wa Jumba walihama. Mwishowe Kitojo mwenyewe alitoka kwa mlango wa pembeni, akainua kamba, akapita chini yake na kusimama karibu na Tumbwe, aliyekwisha kuhamia huko, ambaye alimpisha kwenye kivuli cha ngazi.

Konokono wa shaba waliendelea kukaa mahali pao. Walipokosa wa kuwang'arisha waliota kutu ya kijani. Mtu wa Jumbani alikumbuka hatimaye maneno ya mama yake, wakaondolewa, na maji yakabadilishwa. Lakini jua la Kiangazo halikubadilika, na maji mapya yalipokaa kwenye mwanga, ukoga ulirudi kutoka pembeni ukiwa na nguvu ya kitu kilichopumzika. Ulipanda kama pazia linalopandishwa badala ya kushushwa. Wiki moja ulifika magotini mwa Sembarika, wiki nyingine kifuani. Kisha ikaja asubuhi ya Siku ya Kuonana ambapo mabenchi yalikuwa matupu kabisa, watu wote wa Lulumira wamesimama nyuma ya kamba kwa utaratibu, na tangi lilikuwa kijani kitupu kutoka chini hadi juu, kama shamba lililosimamishwa wima.

Mwanzi ukasema, "Nimewaona."

Hakuna aliyejibu. Haukuwa uasi, hapakuwa na mtu mwenye ruhusa.

Mwanzi ukaagiza kila nyumba ilete konokono kufikia kesho. Watu walisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Mtoto mmoja aliomba maji, mama yake akampa. Mwanzi ulirudia agizo, mara hiyo polepole zaidi, kama unaongea na wagonjwa wa masikio. Halafu ukauliza jambo ambalo halijapata kuulizwa Kiangazo: "Mnaniona?"

Nambiru alimtazama Madenge. Madenge alitazama chini.

Baada ya muda mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mtu mfupi mwenye kanzu iliyomzidi urefu, akiishika kwa mbele asikanyage. Alikuwa na mafua. Alitembea hadi katikati ya uwanja, akasimama mahali ambapo watu wote wangeweza kumwona, akanyoosha mikono kidogo, kama anayengoja kitu fulani kitokee. Watu walimtazama kwa huruma ya kawaida ambayo mtu humpa mgeni aliyepotea.

Tumbwe ndiye aliyemwendea. "Konokono wako yuko tangini, baba?"

"Sina konokono," yule mtu alisema. "Sijapata kuwa naye."

"Basi njoo huku nyuma ya kamba. Kuna kivuli, na huyu mama atakusogezea mkeka."

Nambiru alisogea. Mtu yule alikaa, kanzu ikamzunguka kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Alisema yeye ndiye Sembarika. Mama Lushi alimjibu kwa upole kwamba ni jina zuri, na kwamba mwaka Mwenye Kioo alipokalia kiti watoto wengi walipewa; hata binamu yake mmoja anaitwa hivyo, fundi wa viatu. Watu waliomsikia walitikisa vichwa wakikubali kwamba ndiyo, wako wengi. Kitojo alisikia pia. Alifungua mdomo, akamtazama bwana wake jinsi alivyokaa mkekani na makamasi yake, akafunga mdomo, na haijulikani kama alifanya hivyo kwa hofu, au kwa aibu, au kwa sababu hata yeye, aliyemwona kila siku, hakuwa tena na hakika.

"Mnangoja nini?" yule mtu aliuliza.

"Tunamngoja Mwenye Kioo," Nambiru alisema. "Amechelewa kidogo leo."

Yule mtu aliinuka. Alikwenda hadi kwenye tangi, peke yake, akavuta mkono wa kanzu juu ya kiganja na kuanza kusugua kioo. Alisugua kwa nguvu, kwa mikono miwili, akipanda kwenye ncha za vidole vya miguu ili afike juu. Alipotazama kitambaa kilikuwa safi. Alisugua mahali pengine, akatazama tena. Hakuna aliyemcheka, na kutoka nyuma ya kamba Tumbwe alimwambia, kama anavyoambiwa mtu anayejichosha bure, kwamba aache tu, uchafu uko upande wa ndani.

Alirudi mkekani akikokota kanzu. Alitazama ule ukijani, kisha akamgeukia Nambiru.

"Wako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anakula," Nambiru alisema, akampa leso apenge.